UZI: Mafuta ya mabua na mwani yamekwama wapi kati ya maabara na pampu?

Mvuke180 (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Kila mada ya nishati mimea ikiibuka humu, kabla ya ukurasa wa pili tumeshagawana kambi. Huyu anasema mwani utafunga visima vya mafuta, yule anasema ni mchezo wa kula ruzuku tu. Nimeona nishushe uzi wenye nyama. Ni mrefu, mwenye haraka aruke.

Sizungumzii ethanoli ya mahindi wala ya juisi ya miwa, hiyo iko sokoni zamani. Nazungumzia mafuta ya kile kisicholiwa: mabua, makapi ya miwa, vipande vya miti, na ule mwani mdogo usioonekana kwa macho.

Nianze na kiwanja kimoja. Kiko Soperton, mji mdogo wa jimbo la Georgia, Marekani, kwenye nchi ya misonobari. Novemba 2007 kampuni ya Range Fuels ilianza kujenga hapo kiwanda cha kugeuza miti kuwa ethanoli. Njia yao: pasha vipande vya mti moto mkali bila kuviachia hewa ya kuwakia, vigeuke gesi, kisha pitisha gesi juu ya kichocheo upate alkoholi. Serikali iliahidi ruzuku ya dola milioni 76 na ikadhamini mkopo wa dola milioni 80. Januari 2011 kikafungwa. Kilichokuwa kimetoka ni methanoli na ethanoli kiduchu. Mwaka uliofuata mali yote ikanunuliwa na LanzaTech kwa dola milioni 5.1.

Sasa sikilizeni. Januari 2024, kwenye kiwanja hichohicho, LanzaJet, kampuni iliyozaliwa na LanzaTech mwaka 2020, ikazindua kiwanda cha mafuta ya ndege chenye uwezo wa galoni milioni 10 kwa mwaka, milioni 9 kati ya hizo za ndege na zilizobaki dizeli. Ila kinachoingia getini siku hizi si magogo. Ni ethanoli iliyokwisha kutengenezwa kwingine. Shikeni hapo, nitaparudia.

Upande wa sheria mambo yalikuwa ya kuchekesha kama si pesa za watu. Sheria ya Marekani ya 2007 iliagiza kwamba ifikapo 2022 ziuzwe galoni bilioni 36 za nishati mimea, bilioni 16 kati ya hizo zitokane na selulosi, yaani zile nyuzi ngumu za mmea. Mwaka 2010 zilitakiwa galoni milioni 100. Wasimamizi wakakagua nani hasa ana kiwanda, wakashusha hadi milioni 6.5. Mnunuzi aliandikwa kwenye sheria kabla muuzaji hajazaliwa. Hata galoni zinazohesabiwa leo kuwa za selulosi, nyingi ni gesi ya madampo, kwa sababu mwaka 2014 kanuni zilibadilishwa nayo ikaruhusiwa kuhesabiwa.

Wengi watasema kemia ndiyo ngumu. Nabisha. Kemia ndiyo sehemu iliyofanya kazi. Mfaransa Henri Braconnot alipata sukari kutoka kwenye selulosi kwa kutumia asidi mwaka 1819. Vimeng'enya navyo vina kisa chake: wakati wa Vita Kuu ya Pili, jeshi la Marekani kwenye visiwa vya Solomon liliona mahema na nguo za pamba zikioza kwa kasi ya ajabu. Kuvu aliyekuwa akivitafuna, leo anaitwa Trichoderma reesei, ndiye chimbuko la vimeng'enya vingi vinavyotumika viwandani kuvunja selulosi. Na ile sukari ya ziloza ambayo hamira ya kawaida haiigusi? Miaka ya 1990 Nancy Ho na wenzake wa Chuo Kikuu cha Purdue walikuwa tayari na hamira inayoila.

Halafu tazameni tarehe hizi. POET na DSM walifungua kiwanda cha mabua ya mahindi Emmetsburg, Iowa, Septemba 2014. Abengoa wakafungua cha kwao Hugoton, Kansas, Oktoba 2014. DuPont wakafuata Oktoba 2015 katika mji uitwao Nevada, ambao nao uko Iowa. Katikati ya 2014 pipa la mafuta ghafi lilikuwa zaidi ya dola 100. Mwanzoni mwa 2016 lilikuwa chini ya 30. Cha Abengoa kilizama na kampuni yake 2016, DuPont wakatangaza kufunga Novemba 2017, POET na DSM wakasimamisha uzalishaji wa kibiashara mwishoni mwa 2019.

Nauliza kwenu: ni bei ya mafuta tu, au kuna kingine?

---

SitiYaMbele

Nimeshawahi nafasi. Tiririkeni.

---

fundi_skrubu

Mkuu Mvuke180, kuna kingine, na mimi nimekitoa kwa mikono yangu kikiwa bado kinafuka moshi.

Nilifanya kazi ya matengenezo kwenye kiwanda cha mabua, sitakitaja. Watu wa maabara walikuja na matokeo mazuri sana. Mabua yao yalisagwa yakawa kama unga, yakapepetwa, yakakaushwa. Sisi tuliletewa robota. Ndani ya robota kuna udongo, kuna mawe, kuna kamba, mara moja tulikuta kipande cha mnyororo wa trekta. Robota la juu limekauka kama karatasi, la chini limenyeshewa na linachemka lenyewe kwa ndani. Ukipima vibaya ukalirundika likiwa bichi, siku moja unaamshwa usiku ghala linawaka.

Sasa mabua yanatakiwa kuingia kwenye tangi la mvuke, nyuzijoto 180 na shinikizo juu. Unayaingizaje bila mvuke kukutokea usoni? Kuna skrubu kubwa inayoyabana mpaka yanakuwa kizibo, kizibo ndicho kinachozuia mvuke. Mabua yakiwa makavu mno, kizibo kinapasuka. Yakiwa na mchanga, skrubu inalika kama imepigwa tupa. Tulikuwa tunabadilisha vipande kwa wiki ambavyo mtengenezaji alisema vitadumu kwa miezi. Kwenye taarifa za mwezi iliandikwa "mtambo uko katika hatua ya kuanza". Miezi kumi na nne, mtambo unaanza.

Chukueni hesabu ya DuPont. Walisema watahitaji tani 375,000 za mabua makavu kwa mwaka, kutoka kwa wakulima kama 500, ndani ya maili 30. Robota kubwa ni kama nusu tani. Hayo ni marobota 750,000. Kiwanda kikifanya kazi siku 350, ni zaidi ya 2,100 kwa siku, yaani robota moja kila sekunde 40, usiku na mchana. Na mabua huvunwa wiki chache tu za mwaka, kwa hiyo mzigo wa mwaka mzima unakaa nje au ghalani unakungojea, na panya wake.

Mafuta ghafi yanapita kwenye bomba. Huyo ndiye unayeshindana naye.

---

Mwanahamira

@fundi_skrubu heshima kwako. Naongeza dogo la upande wetu wa matangi. Mvuke ukizidi ili kuvunja ule ugumu wa lignini, gundi inayoshikilia nyuzi za mmea, unatoa fufurali na asidi ya siki, vyote sumu kwa hamira. Ukipunguza, vimeng'enya havifiki kwenye selulosi. Halafu maji: mabua ukiyazidisha kwenye tangi yanakuwa uji usiokorogeka, ukiyapunguza unapata ethanoli nyepesi na gharama yote inahamia kwenye kuikeneka. Mabua yanayobadilika kila lori maana yake unatafuta kipimo kipya kila lori.

---

Mtunza Daftari

Mbona mnaisema Marekani tu? Ulaya nako hakukuwa kwema. Crescentino, Italia, kiwanda cha Beta Renewables kilianza 2013. Kikafungwa 2017 baada ya kundi mama la Mossi Ghisolfi kuzidiwa na madeni ya biashara yake nyingine ya plastiki. Versalis, kampuni tanzu ya shirika la mafuta la Italia, Eni, wakakinunua na kukirejesha kazini 2022. Clariant walijenga Podari, Romania, tani 250,000 za mabua kwa mwaka zitoe tani 50,000 za ethanoli. Ujenzi ukaisha 2021, Desemba 2023 wakatangaza kukifunga.

Hiyo tano kwa moja iangalieni vizuri. Unabeba tani tano za mzigo mwepesi unaojaza lori kabla haujalifikisha uzito, ili upate tani moja ya kimiminika chenye nguvu kama theluthi mbili tu ya petroli kwa lita.

Mimi kazi yangu ni vitabu vya fedha, si vinu. Tatizo ninaloliona ni hili: muuza mafuta ya mabua hapangi bei yake. Gharama zake zinatokana na mabua, vimeng'enya na mishahara, bei yake inatokana na pipa la mafuta ghafi. Kiwanda cha kwanza cha aina yake siku zote ni ghali kuliko cha tano, lakini benki inataka kuona cha kwanza kikifanya kazi kabla haijakopesha cha pili. Kwa hiyo cha kwanza hujengwa kwa fedha za wanahisa wenye haraka, na wanahisa wenye haraka hawapendi kusikia kwamba bado tunachonga skrubu. Ndipo watu wanaanza kutia chumvi. KiOR, waliojenga kiwanda cha mafuta ya miti Columbus, Mississippi, kwa mkopo wa jimbo wa dola milioni 75, walifilisika 2014, na 2016 wasimamizi wa masoko ya mitaji wakaishtaki kampuni kwa kuwapotosha wawekezaji kuhusu kiasi cha mafuta wanachopata kwa tani ya mti.

---

Kijembe

Kwa hiyo jibu ni mwani. Hauna mabua, hauna mawe, unakua majini, unajizidisha kila siku. Mmemaliza?

---

Dada Klorofili

Kaka Kijembe, kaa chini tupige hesabu pamoja, maana mimi mwani ndio ulionisomesha.

Bwawa la wazi lenye mwani mzuri huwa na kama nusu gramu ya mwani mkavu kwa lita. Nusu gramu. Ukiangalia maji ni ya kijani kibichi unadhani ni supu, kumbe ni maji yaliyotiwa rangi. Tuseme robo ya uzito wake ni mafuta. Lita moja ya mafuta ni kama gramu 920, kwa hiyo unahitaji kilo 3.7 za mwani, yaani lita 7,400 za maji uzichuje, uzizungushe kwenye sentrifuji, ukaushe kilichobaki. Lita moja hiyo.

Eneo je? Ukivuna gramu 20 kwa mita ya mraba kwa siku, na kwa mabwawa ya nje hiyo ni kazi nzuri, hekta moja inakupa kama lita 54 za mafuta kwa siku. Pipa ni lita 159. Hekta tatu za bwawa kwa pipa moja la siku. ExxonMobil na Synthetic Genomics mwaka 2018 walilenga kuwa na uwezo wa mapipa 10,000 kwa siku ifikapo 2025. Kwa hesabu yangu ni karibu hekta 30,000 za maji ya kina kifupi, yakorogwe mchana kutwa.

Na mwani hauishi kwa jua peke yake. Kila kilo inataka kama kilo 1.8 za hewa ukaa, na hewa ya kawaida haiipenyezi majini kwa kasi hiyo. Inabidi uwe jirani na bomba la moshi la kiwanda, kisha ardhi tambarare, kisha jua, kisha maji. Sehemu yenye vyote vinne kwa pamoja si nyingi.

Bado hujafika kwenye fumbo lenyewe. Mwani hunenepa kwa mafuta pale unaponyimwa naitrojeni. Ukiunyima, hauzaliani. Unataka unenepe au uongezeke? Chagua. Wale wa Exxon walitangaza 2017 kwamba wamepata aina iliyovuka fumbo hilo, kutoka asilimia 20 ya mafuta hadi zaidi ya 40, maabara. Kwa asilimia 40 hesabu yangu ya hapo juu inashuka hadi kama hekta 18,000. Ushirikiano ulitangazwa 2009 kwa kima cha juu cha dola milioni 600. Mwanzoni mwa 2023 ikajulikana kwamba Exxon wamejitoa.

Nje ya maabara bwawa lina wenyewe. Wanaingia wadudu wa majini wanaokula mwani, bwawa linageuka kutoka kijani hadi kahawia kwa siku mbili tatu. Inaingia pia aina nyingine ya mwani, ya porini, isiyo na mafuta, inakua haraka kuliko ule uliousomea miaka mitano. Nimewahi kulia pembeni ya bwawa, si siri.

---

Kijembe

Dada Klorofili nimekaa. Lakini mbona meli za jeshi na ndege zilishatumia mwani? Au nilidanganywa?

---

Dada Klorofili

Hukudanganywa. Jeshi la Wanamaji la Marekani lilinunua galoni 450,000 kwa dola milioni 12 kwa ajili ya mazoezi ya 2012, sawa na kama dola 27 kwa galoni. Ila ndani yake kulikuwa na mafuta ya kupikia yaliyotumika, na ule mwani, wa kampuni ya Solazyme, haukuota kwenye jua. Uliwekwa gizani kwenye matangi ya chuma ukalishwa sukari. Ni uchachushaji kama wa Mwanahamira, ila badala ya hamira ni mwani. Inafanya kazi vizuri sana, na sukari ina bei yake. Hatimaye Solazyme waligeukia viungo vya vyakula na vipodozi, wakajiita TerraVia 2016, wakafilisika 2017, Corbion wakanunua.

Wenye mabwawa wengi waliobaki wanauza omega-3, rangi nyekundu ya kulishia samaki, na vidonge. Sidhani ni aibu. Kilo inayokupa makumi ya dola huwezi kuichoma kwenye injini.

---

Mwanahamira

Dada, kuna wanaoupika mwani ukiwa na maji yake, nyuzijoto 300 na kitu, chini ya shinikizo kubwa, bila kukausha. Unatoka mafuta meusi kama ghafi. Hiyo unaionaje?

---

Dada Klorofili

Naipenda, maana inatumia mwani wote, si yale mafuta peke yake, na inaondoa gharama ya kukausha. Lakini mafuta yanayotoka yana naitrojeni nyingi ya protini, kiwanda cha kusafishia hakiyataki hivyohivyo. Na bado hujaondoka kwenye nusu gramu kwa lita. Kuna mradi wa serikali ya Marekani ulianza 1978 ukafungwa 1996, karibu miaka ishirini ya mabwawa na maelfu ya aina za mwani zilizokusanywa. Waliofunga waliandika wazi kwamba gharama ndiyo kikwazo. Kila kizazi kinaanza upya kama vile hakuna aliyeandika.

---

Mvuke180

Nimewasoma wote. Sasa nirudi Soperton kama nilivyoahidi.

Kuna jambo moja lililobadilika kati ya 2011 na 2024. Range Fuels walitaka kufanya yote kwenye kiwanja kimoja: kupokea mti, kuukata, kuugeuza gesi, kuugeuza alkoholi, kuuza kwenye soko la magari ambako petroli ilikuwa tayari imechanganywa na ethanoli ya mahindi hadi asilimia 10, hakuna nafasi. LanzaJet wamechukua kipande kimoja tu. Yale ya fundi_skrubu wamemwachia mwingine. Wanapokea kimiminika, wanatoa kimiminika, mabomba na pampu zinatosha.

Na wamebadilisha mteja. Gari linaweza kutumia betri, ndege ya masafa marefu bado haiwezi. Umoja wa Ulaya umeamuru mafuta ya ndege yawe na asilimia 2 ya mafuta endelevu kuanzia 2025, 6 ifikapo 2030, hadi 70 mwaka 2050. Uingereza nayo ilianza na 2, itafika 10 mwaka 2030. Mtunza Daftari, hapo muuzaji angalau ana mnunuzi ambaye hawezi kuondoka pipa likishuka.

---

Mtunza Daftari

Hana mnunuzi asiyeondoka, ana mnunuzi anayengoja faini ilinganishwe na bei. Na usisahau ni nani anayekula sehemu kubwa ya hilo soko leo: mafuta ya kupikia yaliyotumika na mafuta ya wanyama. Hayo hayana skrubu wala bwawa, unayatia haidrojeni unamaliza. Ndege ya Virgin Atlantic iliyovuka London hadi New York Novemba 2023 kwa mafuta endelevu matupu, asilimia 88 ya tangi lake ilikuwa ya njia hiyo. Sukari ya mimea ilikuwa kwenye ile 12 iliyobaki. Dunia nzima mwaka 2024 ilitengeneza kama tani milioni moja za mafuta endelevu ya ndege, asilimia 0.3 ya yanayochomwa.

---

Mvuke180

Hapo ndipo tunapokutana. Mafuta ya kikaangoni yana mwisho wake, watu hawawezi kukaanga zaidi ili ndege ziruke. Yakikwisha, mabua yatarudi mezani. Swali langu ni nani atayashika. Naona mwenye nafasi ni yule ambaye mzigo uko kwake tayari. Makapi ya miwa yanafika kiwandani pamoja na muwa, yameshaoshwa na kusagwa, gharama ya kuyaleta imelipwa na sukari. Ndiyo maana Raízen ya Brazil, waliofungua kiwanda cha selulosi kando ya kinu cha miwa cha Costa Pinto 2014, walifungua cha pili Bonfim 2024 wakati wenzao wa mabua wanauza vyuma chakavu. Kiufundi nao walisota miaka. Ila hawakusota na marobota.

---

Kijembe

Na kile cha DuPont, cha robota kila sekunde 40, kilivunjwa?

---

fundi_skrubu

Hakikuvunjwa. Verbio wa Ujerumani walikinunua 2018, wanatumia mabua yaleyale ya mahindi ila wanatengeneza gesi ya methani na kuiingiza kwenye bomba. Bakteria wa gesi hawana makuu. Hawataki sukari safi, hawataki vimeng'enya vya kununua, tope kwao ni nyumbani. Yanayobaki yanarudi shambani.

---

Kijembe

Na mawe?

---

fundi_skrubu

Mawe yanaendelea kuja, mkuu. Kwenye matangi ya gesi mawe na mchanga huzama chini, tangi linajaa taratibu bila wewe kujua. Baada ya miaka kadhaa unalisimamisha, unalitoa gesi yote, mnaingia na makoleo.